Uzi: Usiku 12, begi la kilo 6, Dodoma hadi Matema: nguo ngapi zinatosha na zifuliwe wapi?

#1 Mleta mada

Salaam kwenu wanajamvi. Juni iliyopita nilizunguka kwa usiku 12: Dodoma usiku 2, Iringa 2, Njombe 3, Mbeya 2, Tukuyu 1 na Matema 2, nikiwa na begi moja la mgongoni ambalo mizani ya dukani ilisema lina kilo 6 pamoja na kandambili na daftari. Nimeulizwa mara kadhaa niliwezaje, na kwa kuwa majibu yangu yalikuwa yanajirudia, nimeona afadhali niyaandike hapa ili wenye uzoefu kunishinda wanikosoe.

Kosa langu la safari za nyuma lilikuwa kuhesabu nguo kwa siku: siku 10, fulana 10, kisha begi linakataa kufungwa na unalikalia ili zipu ipite. Safari hii nilihesabu kitu kingine, yaani siku zilizopo kati ya kituo kinachokausha nguo na kituo kinachofuata kinachokausha nguo. Idadi hiyo ndiyo idadi ya nguo za juu unazohitaji, hata kama safari yenyewe ni ya mwezi mzima.

Vituo vyangu havikufanana hata kidogo. Dodoma ni eneo kame, na Juni ni kiangazi chenye upepo. Nilifua saa 2 usiku, nikaanika dirishani, na kabla ya adhana ya alfajiri fulana ilikuwa imekauka hadi kwenye mishono ya kwapa. Iringa, iliyo juu ya mita 1,500, ina baridi ya usiku lakini upepo wake wa mchana ni mkavu, kwa hiyo ukifua asubuhi utaanua saa 9 alasiri bila wasiwasi. Njombe ni habari nyingine kabisa. Mji uko karibu mita 2,000, ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka, na nguo iliyoachwa nje usiku huianua asubuhi ikiwa na maji mengi kuliko jioni uliyoianika. Sababu yake si uchawi: hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, na inapozidi kupoa usiku hushindwa hata na huo ilio nao, ikaumwaga kama umande juu ya majani, mabati na fulana yako. Soksi nilizofua Njombe siku ya kwanza niliondoka nazo siku ya nne zikiwa bado na ubaridi ambao sikuweza kujua kama ni unyevu au ni Njombe tu.

Mbeya mwezi Juni ina jua kali la mchana na hewa kavu, hivyo hapo nilifua kila kitu. Tukuyu sikufua hata leso, kwa sababu Rungwe, wilaya ilipo Tukuyu, ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na manyunyu yake huendelea hata majirani walipokwisha kuanza kulalamikia vumbi. Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, kuna joto na upepo wa ziwa, na maji yake hayana chumvi. Hilo la chumvi si dogo: nguo iliyolowa maji ya bahari, kama tunavyoijua sisi wa Dar, haikauki sawasawa mpaka isuuzwe kwa maji baridi ya bomba, kwa kuwa chumvi iliyobaki ndani yake huvuta unyevu kutoka hewani.

Kwa hesabu hiyo, pengo langu refu lilikuwa kati ya Iringa na Mbeya, siku 4. Basi nikabeba nguo za juu 4 (fulana 3 na shati 1 la mikono mirefu), suruali 2, bukta 1, boksa 5, jozi 3 za soksi nyepesi na 1 ya sufu ya kulalia, sweta 1, koti jepesi la mvua 1 na kikoi 1. Seti moja ya hizo nilikuwa nimeivaa, kwa hiyo ndani ya begi zilikuwa pungufu ya hapo.

Sasa kuhusu vitambaa, maana hapo ndipo watu hudanganywa na lebo. Kila uzi una tabia yake ya kunywa maji. Katika hewa ya kipimo cha maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hushika maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, sufu karibu 16, nailoni kama 4, na poliesta haifiki hata 1. Lakini nguo iliyotoka kwenye beseni haijashika maji ndani ya uzi peke yake. Maji mengi yamekaa katika nafasi zilizo kati ya uzi na uzi, na nafasi hizo huongezeka kadiri kitambaa kinavyokuwa kinene. Ndiyo maana kanga, ambayo ni pamba tupu, hukauka mapema kuliko traksuti nzito ya poliesta. Jinzi ya kawaida ina gramu kama 400 kwa kila mita ya mraba, fulana nzuri ya pamba kama 180, na jezi ya mpira huwa chini ya hapo. Kabla hujasoma lebo, inua kitambaa kwenye mwanga: kama unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, kitakauka.

Kuna jambo moja ambalo sikulisoma popote, nililigundua kwa kuvaa suruali yenye mifuko mibichi. Suruali haikauki kwa mapaja. Inakauka kwa mifuko, ukosi wa kiuno na pindo la chini, na kitambaa cha mfuko mara nyingi ni pamba nzito hata kama suruali yenyewe ni nyepesi. Nilikwenda kwa fundi cherehani na kitambaa chepesi cha suti, nikamwomba ashone mifuko kwa neti na kiuno kisicho na kanvasi. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama naenda kuvua samaki. Suruali hiyo hukauka sawa na fulana.

#2 Mchangiaji wa pili

Asante kwa mada, mkuu. Mimi nauliza kwa nia njema: kama poliesta hainywi maji, kwa nini usibebe jezi tatu tu ukamaliza kazi? Kila Mtanzania ana jezi ya Simba au ya Yanga, na sote tunajua kwamba jezi ukiikamua na kuipiga mara mbili hewani unaweza kuivaa ikakaukia mwilini.

#3 Mleta mada

Ndugu, jezi nilibeba moja, na kwa siku moja hakuna kitu kinachoishinda. Shida yake huanza siku ya pili. Poliesta haipendi maji lakini inapenda mafuta, na jasho la kwapa lina mafuta ambayo vijidudu vya ngozi huyageuza kuwa ile harufu tunayoijua wote tuliowahi kusimama kwenye daladala saa 11 jioni. Pamba hukauka kwa kuchelewa lakini huachia harufu kwa sabuni ya kipande. Poliesta hukauka upesi, ukadhani iko safi, kisha ukiivaa na mwili ukapata joto harufu ya jana inafufuka. Kwa hiyo jezi inataka kufuliwa kila jioni bila kukosa, tena kwapa zigeuzwe nje zisuguliwe, na isilale imelowa kwenye beseni. Asiyetaka masharti hayo achukue mchanganyiko wa poliesta na pamba, ule ambao wazee wetu waliuita tetroni. Shati langu la mikono mirefu ni la namna hiyo, na ndilo lililonifikisha kwenye ofisi mbili na msiba mmoja bila aibu. Jezi haikufikishi msibani.

Jambo dogo la kuongeza: sabuni nyingi si usafi mwingi. Povu ambalo halikusuuzwa hubaki kwenye nguo, huvuta uchafu mpya ukagandia hapo, na nguo hukauka ikiwa ngumu. Zile dawa za kulainisha nguo zenye manukato ni mbaya zaidi kwa vitambaa hivi, kwa kuwa huvipaka utando unaozuia jasho lisisambae na kukauka.

#4 Mchangiaji wa tatu

Habari zenu. Kaka mleta mada ameeleza vizuri, ila ameeleza kama mwanamume, na naomba nijazie upande wetu.

Kwanza, khanga. Doti moja ina vipande viwili, na mimi sisafiri na taulo kabisa, kwa sababu kipande kimoja ni taulo, shuka na pazia la dirisha la gesti lisilofunga, na cha pili ni cha kujitanda ninapoingia mahali panapotaka sitara, iwe ni msikitini, kwenye msiba au kwa wakwe. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani na hainyonyi maji, kwa hiyo ifuliwe mara mbili tatu nyumbani kabla ya safari, la sivyo utajipangusa na maji yatateleza tu.

Pili, madera. Wengi tunadhani dera ni jepesi kwa sababu linapepea, lakini lina kitambaa kingi mno, na yale laini yanayoanguka vizuri mwilini hunywa maji kuliko hata pamba na kuwa mazito yakilowa. Nilifua moja Bukoba, likakauka siku ya tatu. Sketi nyepesi iliyokatwa kwa nafasi, yenye kiuno cha lastiki nyembamba, inatosha, na juu yake khanga.

Tatu, na hili hakuna anayelisema: sidiria yenye sponji haikauki safarini. Sponji ni ghala la maji, nje itakuwa kavu na ndani mbichi, na ukiivaa hivyo ngozi itakulipiza. Beba zisizo na sponji, mbili zinatosha. Halafu wengi wetu huona haya kuanika nguo za ndani kwenye kamba ya gesti, tukazifunika kwa khanga juu yake, na matokeo yake zinavunda kwa sababu hewa haipiti. Mimi naweka kipande cha kitambaa cha neti, kama kile cha chandarua, juu ya kamba: kinaficha umbo la nguo lakini upepo unapita.

#5 Mchangiaji wa nne

Vijana, nimeendesha lori kwa zaidi ya miaka 30, Dar hadi Tunduma na mbele yake, na nguo zangu za safari zilikuwa mbili: moja mwilini na moja imefungwa nyuma ya kabini ikipigwa na upepo. Kwa hiyo naelewa mnachozungumza. Lakini mmesahau inzi.

Kuna inzi ambaye hutaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya nyasi. Yai likiangua, buu huingia kwenye ngozi ya mvaaji bila yeye kuhisi, na baada ya siku chache unapata jipu ambalo si jipu, maana lina tundu katikati na kitu kinachocheza ndani. Mimi lilinitoka mgongoni, pale lastiki inapokaa. Mama zetu walipiga pasi kila kitu, hata nepi na chupi, si kwa urembo bali kwa sababu joto la pasi huua mayai hayo. Sasa ninyi mnafua usiku na kuvaa alfajiri bila pasi. Mnafanyaje?

#6 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha jambo ambalo nililichukulia kwa wepesi kuliko linavyostahili.

Ugumu ni huu: nguo hizi zinazokauka upesi ndizo zisizopatana na pasi, hasa pasi ya mkaa, ambayo haina kipimo cha joto zaidi ya mate ya mpigaji. Nailoni na poliesta hazingoji ziungue, hulainika na kunata kwenye pasi, na nimekwisha kuona fulana iliyobaki na alama ya pasi kama mhuri wa posta. Anayetaka kupiga pasi atandaze kwanza kikoi au khanga iliyonyunyiziwa maji kidogo juu ya nguo, apige juu ya hiyo, na apitie mishono na lastiki kwa kuwa ndiko unyevu hukaa.

Njia ya pili ni kutoianika nguo mahali inzi anapoifikia: ndani ya chumba chenye wavu, au ndani ya chandarua penyewe, au juani kabisa na juu ya kamba, kamwe si kwenye ua wa majani wala chini. Hapo kasi ya kukauka inasaidia, kwa kuwa inzi huyo hutafuta unyevu na kivuli, na fulana iliyokauka kwa saa mbili juani haijampa nafasi kubwa. Mzee, boksa zangu zote tano sasa ni za pamba nyembamba, makusudi, ili zistahimili pasi. Hilo nimelibadilisha baada ya kukusoma, na nakushukuru.

#7 Mchangiaji wa tano

Nawasoma na nacheka. Mitumba iko kila mji. Ukifika Njombe ukasikia baridi, unanunua sweta sokoni kwa bei ya chakula cha mchana, unalivaa siku tatu, unamwachia mhudumu wa gesti anafurahi. Kuna haja gani ya kubeba sweta kutoka Dar, wala kujifunza fizikia ya umande?

#8 Mleta mada

Kwa sweta nakubaliana nawe asilimia mia, na kama ningerudia safari hii sweta ndilo ningeliacha nyumbani, maana lilichukua robo ya begi na kufanya kazi usiku 5 tu. Wenzetu wa Njombe na Makete wanaishi na baridi hiyo, kwa hiyo masoko yao yana nguo nzito bora kuliko za soko la Karume kule Dar. Lakini suruali inayokukaa sawa na viatu vya saizi yako havinunuliwi kwa pupa ukiwa umesimama na begi mgongoni. Tena angalieni zile suruali nyepesi zenye mifuko mingi na rangi za madoa: zinakauka vizuri mno, ila raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa nchini kwetu, na kisingizio kwamba ni mtumba hakitakusaidia barabarani.

Kwa watakaopitia mbugani kama Ruaha, wasinunue za buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o. Kaki na kijivu havina uzuri, lakini utakaa kwa amani.

#9 Mchangiaji wa sita

Swali fupi tu, wakuu. Ikitokea basi linaondoka saa 12 asubuhi na nguo bado mbichi, mnazibeba vipi, ikizingatiwa kwamba rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019 na hii mifuko mbadala inapitisha maji?

#10 Mchangiaji wa tatu

Ndugu yangu, mimi natembea na kindoo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, vile vinavyouzwa na rangi au jemu ya jumla. Usiku ni beseni la kufulia, asubuhi ni chombo cha nguo mbichi, na ndani ya begi hulinda vitu vinavyopondeka. Lakini usiziache humo kutwa nzima. Ukifika tu, hata kabla ya kula, zitoe uzianike, kwa kuwa uvundo ukishaingia hautoki kwa kufua mara moja.

#11 Mleta mada

Dada amejibu vizuri. Naongeza namna ya kupunguza ubichi wenyewe usiku ule ule, kwa kuwa kukamua kwa mikono huacha maji mengi na huvuta mishono. Tandaza kikoi kikavu kitandani au sakafuni, weka fulana juu yake, vizungushe pamoja kama mkeka, kisha panda juu yake kwa miguu na utembee kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kikoi kinanyonya, fulana inatoka ikiwa na unyevunyevu tu. Halafu ianike kwa kuipa nafasi: isikunjwe juu ya kamba pande mbili zikigusana, bali itundikwe kwenye henga, na kama chumba kina feni iwe mbele ya feni. Kwa sababu hiyo, kwenye miji ya joto huwa nauliza feni kabla ya kuuliza bei. Hewa inayotembea huondoa mvuke uliokwisha kutoka kwenye nguo, wakati chumba kilichofungwa, hata kiwe na joto la namna gani, hujaa mvuke huo na nguo inabaki ilivyo.

#12 Mchangiaji wa saba

Nimefurahia mjadala. Mimi na mwenzangu tunakwenda Kitulo mwezi Februari kuona maua, kisha Matema. Je, orodha yako ya Juni itatufaa?

#13 Mleta mada

Haitawafaa kama ilivyo. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na uwanda ule uko karibu mita 2,600, kwa hiyo mtakuwa na baridi na maji kwa pamoja, hali ambayo mimi sikuikuta. Mbeya nayo, iliyonikaushia nguo mwezi Juni, Februari iko katikati ya msimu wake wa mvua na msiitegemee. Hesabuni pengo kutoka siku mtakayoondoka nyumbani hadi Matema, na hata Matema mtasubiri vipindi vya jua. Kama ni siku 6, basi nguo za juu ni 6, na jozi za soksi ziwe 8, kwa kuwa nyasi zenye maji zitalowesha raba zenu kila siku. Msiweke akili kwenye kukausha raba. Raba ikilowa Kitulo italowa tena kesho yake. Ichukulieni kama ya kulowa, wekeni kandambili za jioni, na jozi moja ya soksi za sufu ikae chini kabisa ya begi, isitoke nje isipokuwa kitandani.

Koti la mvua lijaribuni nyumbani kwa kusimama nalo chini ya bomba la bafuni kwa dakika 10. Langu lilivuja kwenye mshono wa bega, na niliziba kwa mshumaa uliosuguliwa ndani na nje, likafika Matema salama.